Majonzi Yasiyofuata Kalenda: Somo la Filamu ya "21 Grams" kwa Wahudumu wa Afya na Wafiwa

Kijana mmoja anapeperusha majani makavu uani kwa mashine ya upepo. Mwanamume aliyefuatana na binti zake wawili wadogo anapita mbele yake na kutoka nje ya picha. Gari la pikapu linapita kuelekea upande uleule. Kamera haigeuki kulifuata. Tunaendelea kumtazama kijana na kusikia mlio wa mashine yake, hadi kishindo kinapotokea mbali na macho yetu. Anaitupa mashine na kutimua mbio, nasi tunabaki tukiutazama ua mtupu.

Hivyo ndivyo filamu ya 21 Grams inavyosimulia ajali iliyo kiini cha hadithi yake: inatunyima kuiona. Mke wa mwanamume yule naye hakuiona. Alichobaki nacho ni mambo yaliyoitangulia na mambo yaliyoifuata, nayo yatakuwa yakimjia kwa zamu yasiyopangwa na mtu, siku nyingi baada ya mazishi.

Filamu hii iliongozwa na Alejandro González Iñárritu wa Meksiko kutokana na muswada wa Guillermo Arriaga, na ilitolewa mwaka 2003. Katika tamasha la filamu la Venice mwaka huo Sean Penn alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, na baadaye Naomi Watts na Benicio del Toro waliteuliwa kuwania tuzo za Oscar. Ni filamu ya watu wazima, yenye dawa za kulevya, ukatili na lugha kali, na hatumshauri mtu aliyefiwa hivi karibuni kuitazama akiwa peke yake. Tunaizungumzia katika jarida la afya kwa sababu sehemu kubwa ya mambo yake mazito hutendeka hospitalini, na kwa sababu namna ilivyopangwa inafundisha jambo ambalo vitabu vyetu vya mafunzo hulieleza kwa shida: mtu aliyefiwa na mwenzi wake haishi tena katika wakati unaokwenda mbele kwa mstari ulionyooka.

Hadithi iliyokatwa vipande

Tukiupanga mkasa kwa utaratibu, unaeleweka kwa urahisi. Cristina Peck aliwahi kuwa mtumiaji wa dawa za kulevya. Akaacha, akaolewa na Michael, wakajaliwa binti wawili. Jack Jordan, mfungwa wa zamani aliyeshika dini kwa bidii, anawagonga Michael na watoto kwa gari lake na kuondoka bila kusimama. Watoto wanafariki. Ubongo wa Michael hauna tena uhai, lakini moyo wake ungali ukidunda. Madaktari wanamweleza Cristina, na wanamwomba ridhaa ya kuutoa moyo ule. Anakubali. Anayeupokea ni Paul Rivers, mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu, aliyekuwa amelala nyumbani na mtungi wa oksijeni akisubiri ama moyo ama mauti.

Paul anapona, lakini hatulii. Anamtafuta kwa siri mtu aliyempa uhai, anampata mjane wake, na kumzoea kabla hajamwambia yeye ni nani. Cristina anapoujua ukweli anafadhaika na kumfukuza. Kisha wanarudiana, na hasira ya mjane inageuka kuwa shauri la kumuua Jack. Wakati huohuo mwili wa Paul unaanza kuukataa moyo aliopandikizwa. Mwisho wake haumfurahishi mtu yeyote: Paul anakufa kwa risasi aliyojipiga mwenyewe, na Cristina, akiwa mjamzito, anaanza kwa kusitasita kujiandaa kumpokea mtoto mwingine.

Lakini hakuna mtazamaji anayeipata hadithi kwa utaratibu huo. Tunamwona Paul amelala na mirija mwilini kabla hatujajua anaumwa nini. Tunamwona Cristina akiwa ameharibika kwa ulevi, halafu tunamwona amekaa nyumbani kwa furaha na familia yake, wala hatujaambiwa lipi lilianza. Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wana neno kisengerenyuma kwa mbinu ya msimulizi kurudi nyuma na kueleza yaliyopita. Katika filamu hii mbinu hiyo imevuka mipaka yake, maana hakuna leo iliyotulia ambayo msimulizi anaweza kuondoka na kuirudia. Kila kipande ni leo.

Wapo waliolalamika kwamba ukataji huu ni ufundi wa kujionyesha, na kwamba hadithi ingeguswa vizuri zaidi kama ingesimuliwa kwa mfuatano. Lalamiko hilo lina uzito. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuketi na mjane au mgane kwa saa moja atautambua mpangilio ule. Mama anaanza kukueleza siku mumewe alipolazwa. Katikati anarukia siku ya posa. Kutoka hapo anakuuliza kwa nini daktari wa zamu hakuja mapema. Kisha anakumbuka kwamba shati la marehemu bado liko kwa fundi. Mhudumu mwenye haraka huandika kwenye jalada kwamba mgonjwa hana mtiririko wa mawazo. Huenda mtiririko upo, ila unafuata maumivu badala ya tarehe.

Kuna vipande viwili vinavyostahili kukumbukwa. Muda mfupi kabla ya ajali, Michael alimwachia mkewe ujumbe wa sauti kwenye simu kumjulisha kwamba wako njiani kurudi. Cristina anausikiliza tena na tena. Kwa saa na kalenda, ujumbe ule umepitwa na wakati. Kwa masikio ya mke, mume angali njiani. Kipande cha pili ni cha kamba za viatu. Cristina anasema mmoja wa binti zake alikufa amevaa viatu vyenye kamba nyekundu, rangi aliyoichukia. Alikuwa akimwomba mama yake amnunulie za buluu, na mama hakuwa amezinunua. Anayesikia kutoka nje huliona jambo hilo kuwa dogo. Kwa mfiwa, deni dogo ambalo halitalipika kamwe huweza kuuma kuliko msiba wenyewe.

Maneno ya faraja yanayofunga mlango

Nyumbani, baada ya msiba, baba yake Cristina anajaribu kumtuliza. Naye alifiwa na mke, na anamweleza binti yake kwamba maisha hayana budi kuendelea. Cristina anamkatalia waziwazi. Anasema hayo ni uongo. Maisha hayaendelei tu.

Baba yule si mtu mbaya. Anasema lile ambalo sote husema. Katika misiba yetu tuna hazina ya maneno ya namna hiyo: jikaze, kazi ya Mungu haina makosa, amepumzika, usilie utawatia watoto simanzi. Kwa mwenye imani, baadhi ya maneno haya ni nguzo ya kweli, na akiyatamka mwenyewe yanamshikilia. Tatizo huja anapotamkiwa na mtu mwingine, hasa mtu aliyevaa koti jeupe, kabla hajapewa nafasi ya kusema lolote. Hapo faraja hugeuka kuwa amri ya kunyamaza.

Desturi zetu zenyewe zina hekima ambayo maneno hayo ya haraka husahau. Mjane Mwislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na aliye mjamzito hadi ajifungue. Katika jamii nyingi za Kikristo hufanyika ibada ya arobaini. Kwa hiyo jamii imekubali kwamba kufiwa kunahitaji muda uliotengwa, ambamo mfiwa hadaiwi kuwa kama watu wengine. Lakini matanga yakishaanuliwa, wageni hurudi makwao na vyombo vya kuazima hurudishwa kwa wenyewe. Mara nyingi ukiwa wenyewe huanza hapo, usiku wa kwanza nyumba inapokuwa kimya, na kwa kawaida hakuna mhudumu wa afya anayekuwa na habari.

Hatua tano, na bahari inayokupwa na kujaa

Wengi wetu tulifundishwa kwamba majonzi yana hatua tano: kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali. Mafunzo hayo yanatokana na kitabu cha Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969. Yafaa kukumbuka kwamba kitabu kile kilihusu hasa wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Hatua zake zilikuja kutumiwa kwa wafiwa baadaye. Zikichukuliwa kama ngazi ambayo kila mtu lazima aipande, huleta madhara. Mjane anayelia mwezi wa tisa baada ya kucheka mwezi wa nne hujiona ameshindwa mtihani, na muuguzi humwona amerudi nyuma.

Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walipendekeza maelezo mengine. Walisema mfiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili. Moja ni kuukabili msiba: kulia, kumkumbuka marehemu, kumtamani. Nyingine ni kuyakabili maisha yaliyobadilika: kulipa ada, kujifunza kazi ambazo mwenzake ndiye aliyezifanya, kuzoea kuitwa mjane au mgane. Kwenda na kurudi huko si ugonjwa. Ndiko kupona kwenyewe. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana. Maji yakipwa, hakuna asemaye bahari imekwisha. Yakijaa, hakuna asemaye imeharibika.

Cristina wa kwenye filamu amekwama upande mmoja. Msiba unamjaa, na anachokipata cha kumpumzisha ni pombe na kokeini, yaani maradhi yake ya zamani. Hili ni onyo kwetu la kitabibu. Mtu aliyewahi kutumia vileo au dawa za kulevya, kisha akafiwa, yuko hatarini zaidi kuzirudia, hata kama ameziacha kwa miaka mingi. Kumuuliza kwa upole kuhusu jambo hilo ni sehemu ya matibabu, wala si kumshushia heshima.

Wapo pia ambao majonzi yao hukaza kwa muda mrefu mno. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Kinachotazamwa ni hamu kali au mawazo ya kudumu juu ya marehemu, pamoja na maumivu makubwa ya moyo, kwa muda usiopungua miezi sita, yanayovuruga maisha ya mtu na kuvuka waziwazi kiwango cha utamaduni na dini yake. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Mjane anayetimiza eda yake si mgonjwa. Anayehitaji msaada ni yule ambaye baada ya muda wote huo hawezi kula, hawezi kulea, au anasema angependa kumfuata marehemu. Kauli hiyo ya mwisho ni ya dharura siku yoyote inapotamkwa, hata ikiwa ya pili baada ya mazishi.

Moyo wa nyama

Jina la filamu linatokana na jaribio la daktari Duncan MacDougall wa Massachusetts, Marekani, lililochapishwa mwaka 1907. Aliwalaza wagonjwa sita waliokuwa wanakata roho juu ya kitanda chenye mizani, akitaka kuupima uzito wa nafsi. Mmoja alionekana kupungua takribani gramu 21 alipofariki. Matokeo ya wengine hayakulingana. Kisayansi jaribio lile halina thamani. Filamu inalitumia kama swali: mtu akiondoka, ni kiasi gani kinachoondoka naye?

Kwa waliobaki, sehemu ya jibu inapimika. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe walitunga kipimo cha misukosuko ya maisha chenye matukio 43. Kifo cha mwenzi kilipewa alama 100, juu ya matukio yote. Mwaka 1969 Colin Murray Parkes na wenzake walitoa taarifa ya wagane 4,486 wa Uingereza wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Katika miezi sita ya kwanza ya ugane, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 idadi iliyotarajiwa kwa wanaume wa rika lao wenye wake, na maradhi ya moyo yalichangia sehemu kubwa. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo misuli ya moyo hulegea ghafla, mara nyingi baada ya mshtuko mkubwa, na chumba cha moyo kuvimba umbo kama la chungu cha kunasia pweza. Wakaiita takotsubo, jina la chungu hicho. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, hufanana na shambulio la moyo, na wengi hupona wakitibiwa. Kwa hiyo mjane anayesema kifua kinambana asiambiwe ni majonzi tu. Apimwe.

Na vipi kuhusu moyo unaotolewa? Historia ya upandikizaji wa moyo ilianzia Afrika, na ilianzia kwa mfiwa. Mwanzoni mwa Desemba 1967, huko Cape Town, gari liliwagonga mama na binti yake waliokuwa wakivuka barabara. Mama alifariki palepale. Binti, Denise Darvall, alipelekwa hospitali ya Groote Schuur akiwa na majeraha ya ubongo yasiyotibika. Madaktari walimwendea Edward Darvall, mtu aliyekuwa amempoteza mkewe siku ileile, wakamwomba moyo wa binti yake. Alitafakari kwa dakika chache, akakubali. Tarehe 3 Desemba Christiaan Barnard aliupandikiza kwa Louis Washkansky, aliyeishi siku 18. Dunia ilikumbuka jina la daktari. Ni wachache wanaomkumbuka mgane aliyeketi chumba cha pili.

Filamu ya Iñárritu inakirudia chumba kile, na kutuonyesha mambo mawili. La kwanza, kifo cha ubongo ni kigumu kueleweka na mtu anayeona kifua cha mwenzi wake kikipanda na kushuka. Habari ya kifo itolewe kwanza, ieleweke, ndipo ombi lifuate, na ikiwezekana litolewe na watu wengine. La pili, usiri kati ya familia ya mtoaji na mpokeaji una maana. Paul alidhani anatafuta kushukuru. Kwa kuvunja usiri alimfungulia mjane kidonda na yeye mwenyewe akaingia ndani yake. Nchini Tanzania upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, figo zikitolewa na ndugu walio hai. Siku ya kuwaendea wafiwa na ombi kama lile ikifika, adabu ya kuuliza iwe imekwisha kuandaliwa.

Yatupasayo

Kwako mhudumu wa afya: maneno utakayoyatamka wakati wa kutoa habari ya kifo yatasikilizwa tena na tena kama ujumbe ule wa simu. Mtafute mfiwa mahali pa faragha, muwe mmeketi. Taja jina la marehemu. Sema "amefariki", usijifiche nyuma ya "tumejitahidi" au "hali imebadilika", maana mfiwa atabaki akingoja habari nyingine. Nyamaza kidogo. Mruhusu amwone mwenzake na kumgusa. Kabla hajaondoka, hakikisha yuko na mtu, na mpe jina la mtu wa kumwuliza maswali yatakayokuja baadaye, maana yatakuja. Mjane au mgane akirudi kliniki kwa shinikizo la damu, kisukari au dawa za kufubaza virusi, mwulize kama anakula, analala, na kama bado anameza dawa zake. Mara nyingi marehemu ndiye aliyekuwa akimkumbusha.

Kwako uliyefiwa: ukijikuta unaandaa vikombe viwili vya chai, au umesahau mwezi huu ni wa ngapi, au umecheka na kisha ukaona aibu, hujarukwa na akili. Kumbukumbu zako haziko katika mpangilio kwa sababu maisha yako yalikatwa katikati. Usijilazimishe kumaliza kulia kwa sababu matanga yameanuliwa. Lakini usikae peke yako na chupa, wala na wazo la kujidhuru. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, useme waziwazi kwamba umefiwa na kwamba mzigo umekushinda. Hilo ni tatizo la kutibiwa kama homa.

Kwenu ndugu na majirani: ratiba ya msiba huwajaza watu siku za mwanzo, wakati mfiwa hajui hata nani amekuja. Wawili au watatu kati yenu na wajitenge kwa ajili ya mwezi wa tatu, na wa sita, na siku ya kumbukumbu ya mwaka. Mkifika, msiulize, "Bado unalia?" Mwulizeni habari za marehemu: alikuwa akipenda nini, mlikutana wapi. Ataanza katikati, atarudi nyuma, ataruka mbele. Mwacheni asimulie kwa mpangilio wake.